Ukuta wa Shubiri Mbili

Dhoruba za zamani zilikuwa za Mungu, na hakuna aliyethubutu kuzipangia saa. Ile ya siku hiyo ilikuwa ya kijiji cha Marumeni: ianze saa mbili kamili asubuhi, iishe saa kumi na moja jioni. Aikunda aliijua ratiba kwa kichwa kwa sababu aliiandika mwenyewe, akiwa mpimaji wa dhoruba. Asichokiandika ni kwamba saa mbili na robo yeye na baba mkwe wake wangekuwa bado juu ya Kibo, mguu wa mzee umevunjika chini ya goti, na gari la nyaya limekwisha kushuka bila wao.

"Usiusogeze, baba."

"Nani anausogeza? Wenyewe ndio unanisogeza mimi," alisema mzee Ndekirwa. Alijaribu kucheka, meno yakagongana.

Kisa chenyewe kilikuwa kidogo. Mzee Ndekirwa alikuwa mkuu wa mfereji wa Marumeni, na kwa desturi ya Bodi ya Theluji kila kijiji kilichofikiwa na zamu hutuma shahidi mmoja apande mlimani, aone kwa macho yake kwamba mbegu zao zimepakiwa zote. Watu wa chini hawaiamini Bodi, na Bodi haina haki ya kuwalaumu. Walikuwa wamemaliza kazi, wamebakiza hatua hamsini kulifikia gari, ndipo mzee akakumbuka jani la isale, mmea wa baraka na wa kuombea msamaha, lililokuwa ndani ya koti lake. Babu yake alikuwa akisimika isale kwenye chanzo cha mfereji kila maji yalipofunguliwa, na siku hizi chanzo cha mfereji ni huku juu. Akageuka kurudi.

Aikunda alitazama saa, akaona zimebaki dakika tisa. Lakini mkamwana hamwambii baba mkwe hapana. Alisema, "Sawa baba, ila tuharakishe kidogo," na mzee akaharakisha kweli, akateleza kwenye barafu ya zamani. Gari la nyaya halisubiri mtu. Lilifunga mlango wake lenyewe likashuka tupu, kwa sababu dhoruba ikilikuta njiani nyaya hukatika.

Juu ya mawingu vishada thelathini vilikuwa vimeshapaa. Kila kimoja kilikuwa kipana kama paa la nyumba, kikila jua mgongoni na kumwaga mbegu tumboni: unga mweupe unaoyafunza mawingu ya nchi ya joto kuganda. Ndiyo maana dhoruba za Bodi ni za mchana tu. Theluji yake huwa ngumu, huyeyuka polepole kwa miaka mitatu, tone kwa tone hadi mferejini. Bila hiyo Kibo ni jiwe jeusi na Marumeni ni vumbi. Aikunda alizaliwa mlima ukiwa mweusi. Alikuwa na miaka ishirini alipoishika theluji kwa mara ya kwanza, na aliishika akilia.

Kifuani pake, chini ya koti, kilining'inia kifungio, kidude cha ukubwa wa kiberiti chenye kitufe chekundu. Kikibonyezwa mara tatu vishada hushuka, dhoruba hukatika ndani ya nusu saa, na ndege ya uokoaji huweza kuruka. Kanuni ya kwanza ya Bodi ilisema uamuzi huo ni wa mpimaji aliyeko juu, yeye peke yake, maana kule chini kila kijiji kina mdomo wake. Aikunda alipoita kwenye redio, sauti ya ofisini ilimjibu kwa upole, "Tumekusikia, mpimaji. Uamuzi ni wako."

Akakitoa kile kidude.

"Hicho ndicho?" mzee aliuliza.

"Ndicho, baba."

"Kirudishe."

"Baba, una miaka sabini na mmoja. Mguu umevunjika. Karibu saa tisa nzima kwenye baridi hii..."

"Mama Kanaeli." Tangu Aikunda aolewe na mwanawe Eliamani, miaka kumi na mmoja, mzee hakuwahi kumwita kwa jina lake. "Walipoifunga zamu ya kijiji cha Kirwande, kulitokea nini?"

Alijua. Yeye ndiye aliyetumwa kwenda kupima. Wingu lililokatwa njiani halirudi mbinguni na mzigo wake. Lile la Kirwande liliutua lilipofika, juu ya vihamba vya watu, mashamba yao ya migomba, mvua ya mawe makubwa kama mayai ya bata. Migomba yote ililala chini. Wanawake wawili waliokuwa wakikata majani ya ng'ombe walikutwa wamekufa, mmoja bado ameshika mundu. Na mbegu nyingine za theluji huchukua miaka miwili kuwa tayari.

"Saa hizi mama yako yuko kihambani," mzee aliendelea, akimaanisha mkewe, Anasia, "na Kanaeli yuko naye. Utawapigia nani simu, na nani, na nani? Halafu sikiliza. Zamu ikishafunguliwa haifungwi. Mtu akikufungia maji katikati ya zamu yako, huyo si jirani tena. Mimi niwafungie watu wangu mwenyewe?"

"Wangekusamehe, baba."

"Wangenisamehe. Ningewapelekea isale, na isale haikataliwi. Aliyekosewa akishaletewa, hata kama moyo unamwaka moto, analipokea. Ndiyo maana sitaki kuwapelekea."

Upepo ulikuwa umeanza kusukuma. Aikunda alilitazama beleshi fupi lililofungwa ubavuni mwa mkoba wake, akaona njia ya tatu. Kama angeweza kumficha mzee na baridi hadi saa kumi na moja, asingelazimika kumchagua mtu yeyote. Alikirudisha kifungio kifuani kwa furaha, na furaha hiyo ilikuja kumtesa kuliko mambo mengine yote ya siku ile.

*

Kazi ya kwanza si kuchimba, ni kulundika. Alimfunga mzee mguu kwa fimbo yake na mikanda ya mkoba, akamkalisha juu ya mkoba wenyewe, mgongo kwenye mwamba. Kisha akachora duara theluji ilipokuwa laini na kuanza kuchota. Alichota na kutupa, akachota na kutupa, akisimama kila baada ya mabeleshi ishirini kuitafuta pumzi, kwani kule juu hewa ni haba.

"Unachotea mgongo," mzee alimwambia. "Chotea magoti. Ungekuwa kijana wangu wa mfereji ningekufukuza leo hii."

"Baba, nifukuze basi niende nyumbani."

Mzee alicheka vizuri safari hii. Lundo lilipofika kifuani pake, Aikunda alilizunguka akilipigapiga kwa bapa la beleshi, kisha akaliacha. Theluji iliyovurugwa na kurundikwa huhitaji kupumzika. Chembe zake hushikana zenyewe kwa zenyewe, kama udongo wa tofali, na ukiichimba kabla ya saa moja kupita itakuangukia kichwani. Saa hiyo moja walikaa wakiungoja ugumu wa theluji. Aikunda alijiweka upande wa upepo ili amkinge mzee, akaacha kati yao nafasi ya mtu wa tatu asiyekuwepo. Hakuipanga. Mwili wake uliifanya wenyewe, kama mguu unavyoruka kizingiti cha nyumba uliyokulia.

Alipoona muda umefika alivichomeka vijiti vyake vya kupimia kila upande wa lile lundo, kila kimoja kirefu kama mkono hadi kiwiko. Ukichimba kutoka ndani na kuiona ncha ya kijiti, unaacha, unajua ukuta umebaki unene wa kutosha. Mlango aliuweka kinyume cha upepo, chini kabisa, akachimba kuelekea juu.

"Mbona hicho kitanda cha theluji kinakuwa juu ya mlango?" mzee aliuliza. Alikuwa amejikokota hadi karibu, akawa anatazama kila pigo.

"Baridi inatiririka kama maji, baba. Inatafuta pa chini. Tukilala juu, yenyewe inatoka mlangoni."

"Kumbe baridi nayo ina mfereji wake!" Ilimfurahisha sana, akairudia mara mbili. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kawaida, "Mama Kanaeli, unachimba vyumba vingapi?"

"Kimoja, baba."

"Mimi na wewe."

Aikunda alibaki amepiga magoti, nusu ya mwili ndani ya theluji. "Mafunzo yanasema watu wawili walale chumba kimoja, mgongo kwa mgongo. Joto la mmoja linamsaidia mwenzake."

"Aliyeyaandika hayo mafunzo hakuwa na mkwe. Acha ukuta katikati. Hata mwembamba."

Mtu wa mbali akiisikia atadhani palikuwa na chuki. Hapakuwa na chuki hata chembe. Aikunda alipoingia nyumba ile akiwa bibi harusi, Anasia alimfundisha kwa wiki nzima: usikae kwenye kigoda alichoinuka baba yako, usimpe kitu mkono kwa mkono, akipita njiani pisha, akivua shati ondoka. Aliyashika yote, na mzee naye aliyashika ya kwake. Alipojifungua Kanaeli kwa shida, mzee alisimama nje ya hospitali siku mbili kwenye mvua bila kuingia wodini, na kila asubuhi alituma uji. Walipendana kuliko wengi wanaokumbatiana. Ila pendo lao lilikuwa na ukuta, na ukuta ndio ulikuwa adabu yake.

Baadaye, mbele ya Bodi, Aikunda aliisimulia siku ile mara nne. Kila alipofika hapa aliruka.

"Sawa, baba," alisema, akachimba viwili.

*

Ukuta wa kati aliuacha unene wa shubiri mbili. Vyumba vikawa vidogo na vibaya. Kimoja kikubwa angekimaliza kabla ya saa tano; hivi viwili vilimla hadi saa sita, na muda wote huo mzee alikuwa nje, theluji ikimlowesha mabega. Alimwingiza upande wenye kitanda cha juu zaidi. Akatoboa tundu la pumzi juu ya kila chumba, na tundu jingine la kiasi cha ngumi katika ukuta wa kati, ili chupa ya chai ipite. Hilo mzee hakulipinga.

Blanketi la dharura, lile la kung'aa, lilikuwa moja. Aikunda alilipitisha tunduni, mzee akalirudisha. Akalipitisha tena.

"Baba, mimi nina kazi ya kuzibua matundu kwa mpini wa beleshi, napata joto. Lichukue."

"Mkaidi wewe, kama mama yako," alisema Ndekirwa, akalichukua.

Ndani mlikuwa na kimya cha ajabu. Mwanga uliopenya thelujini ulikuwa wa bluu. Walizungumza kupitia tundu. Mzee alieleza jinsi mfereji wa Marumeni ulivyochimbwa na watu wasiokuwa na kipimo chochote ila bakuli la maji na jicho. Alimuuliza kama Kanaeli bado anaogopa kuku. Akataka kujua, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja, mlima ulikuwaje Aikunda alipokuwa mtoto, naye akamweleza, na alipomaliza mzee alisema, "Kumbe na wewe uliona ule weusi." Aikunda alifurahi kuambiwa hivyo. Kila nusu saa aliuliza, "Baba, unatetemeka?" Mzee akajibu, "Natetemeka vizuri tu."

Saa nane na dakika chache aliuliza tena.

"Sitetemeki tena. Kumepata joto huku. Umejenga nyumba nzuri, mama."

Mtetemo ukiisha na baridi iko palepale, mwili umeacha kupigana. Walifundishwa hilo siku ya kwanza. "Baba, jifunike sana. Nakuja upande huo."

"Usije!" Sauti ilikuwa nzito, ulimi ukiburuta. "Usije. Nimevua koti. Na shati. Joto, mama. Siko katika hali ya kuonwa."

Hilo nalo walifundishwa. Mtu anayekufa kwa baridi huhisi anaungua, huvua nguo. Aikunda alijua maana yake kama alivyojua jina lake. Alilishika beleshi. Upande wa pili wa shubiri mbili za theluji alikuwapo baba mkwe wake akiwa uchi wa kifua, na kumwona hivyo ni aibu inayomfuata mtu hadi kwa wajukuu. Alijiambia labda atavaa. Akamwita avae. Akamsihi. Akaupa kisogo ukuta wa kati, kana kwamba ameshaona. Redio iliyokuwa wazi mkobani iliurekodi ukimya wake, na ukimya ule ulikuwa wa dakika kumi na saba.

Kisha akaupiga ukuta. Ulianguka kwa mapigo manne.

Aliingia amefumba macho, akapapasa, akalipata blanketi, akamfunika, ndipo akafumbua. Alilala kando yake, akafungua koti lake akamwingiza ndani, kifua cha mzee kikiwa baridi kama jiwe la mtoni. Akamsugua mikono. Akampulizia shingoni. Mzee alikuwa mwepesi kuliko alivyomdhania. Alikuwa hajawahi kumkumbatia, angejuaje?

Zilikuwa zimebaki saa mbili na robo. Alikitoa kifungio, akabonyeza mara moja. Akabonyeza mara ya pili. Taa ndogo ikawaka, ikingoja ya tatu.

Ndekirwa alifumbua macho akaitazama ile taa, kisha akamtazama mkamwana wake, uso kwa uso, karibu, kama ambavyo hajawahi.

"Aikunda," alisema. "Usifunge."

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Alimwona Kanaeli kihambani akikimbizana na mbuzi. Alimwona Anasia ameinama na mundu. Aliona pia wazi kabisa kwamba mtu huyu aliye mikononi mwake alikuwa na haki ya kuishi kama wao, na kwamba hakuna chombo chochote kwenye mkoba wake cha kupimia jambo hilo. Alilia kwa sauti. Taa ilingoja dakika moja, kama ilivyoundwa, ikazimika.

Mzee alikata roho saa kumi kasoro. Saa kumi na moja kamili dhoruba ilikoma, jua la jioni likatoka, na Kibo yote ilikuwa nyeupe.

*

Maji ya kwanza yalifika Marumeni baada ya wiki sita, asubuhi ya Jumamosi. Watu walisimama kingoni mwa mfereji kwenye kizibo cha udongo, mahali ambapo mkuu wa mfereji huwafungulia. Bodi ilikuwa imeshampa Aikunda cheti. Mchungaji alikuwa amemtaja kanisani. Wazee watatu walikuwa wamekuja nyumbani kumshukuru kwa kutoifunga zamu, naye aliwapikia na kuwasikiliza mpaka mwisho. Eliamani, mumewe, alikuja kuzika, akakaa wiki mbili, akarudi kazini. Hakumuuliza kitu.

Sasa walikuwa wakimwita yeye afungue. Mtu mmoja alimnyooshea beleshi, naye akashindwa kulipokea. Akamtafuta mama mkwe wake kwa macho, akamkuta amesimama kando, chini ya mti wa kahawa, amejifunga kitenge cheusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaitwa kule."

Aikunda alitoa jani la isale kwenye mfuko wa gauni. Alilishika kwa mikono miwili. Anasia alilitazama bila kunyoosha mkono.

"La nini? La kile kitufe? Kile usinililie. Yule bwana nilimjua miaka arobaini na tisa, angekuuma mkono."

"Si la kitufe, mama. La ukuta."

Akamweleza. Alimweleza vyumba viwili, tundu la chai, koti, shati, na dakika kumi na saba ambazo Bodi ilizisikia bila kuzielewa. Hakuruka mahali. Anasia alisikiliza akitazama mfereji mkavu.

"Ulikuwa na unene gani?" aliuliza mwishowe.

"Shubiri mbili."

Anasia alitandaza mkono wake juu ya shina la kahawa, akapima shubiri moja, akaongeza ya pili. Alibaki ameshika hapo.

"Nani alikufundisha kukaa mbali naye?"

Aikunda aliliinamia jani, maana jibu lilikuwa ni utovu wa adabu.

"Nakuuliza, mwanangu. Nani?"

"Wewe, mama."

"Wiki nzima," Anasia alisema. "Ulikuwa unajisahau, ukimpa kikombe mkononi, nikakuchapa vidole kwa mwiko. Nilijiona nimefunza." Akauondoa mkono kwenye shina. "Jani hilo usinipe mimi. Sisi sote wawili twende tukampelekee mwenyewe."

Kaburi lilikuwa palepale kihambani, nyuma ya migomba, udongo wake bado haujatulia. Walilichomeka jani upande wa kichwani. Kule mferejini watu walichoka kungoja. Mtu mwingine akakivunja kizibo, na vigelegele vikasikika.

"Isale haikataliwi," Anasia alisema. "Hawezi kulikataa."

"Wala hawezi kulipokea, mama."

"Hapana," alisema Anasia. "Hawezi."

Maji yalifika nyuma ya migomba, ya baridi, yakipita karibu na miguu yao. Walisimama bega kwa bega wakiyatazama, na hakuna kati yao aliyemwachia mwenzake nafasi.